Zimwi la kitabuni na zimwi la mtaani

Kuna watu wasemao kwamba vijana wa siku hizi hawasomi. Mimi nakaa Ruiru, na natoa ushahidi kwamba wasoma. Ila hawasomi yale tuliyotaraji wayasome. Ukipanda matatu ya Thika wakati wa jioni utamwona msichana kainamia simu yake, hasikii makelele ya manamba wala muziki, ukadhani yuasoma barua ya mchumba. Kumbe yumo katika ukurasa wa mia mbili wa riwaya ya wanyonya damu.

Ruiru, kwa wasioujua, ni mji ulioko baina ya Nairobi na Thika. Zamani ulijulikana kwa kahawa, na hata leo kuna aina ya mibuni iitwayo Ruiru 11, iliyozalishwa katika kituo cha utafiti cha hapa na kutolewa kwa wakulima katikati ya miaka ya 1980. Siku hizi mashamba mengi yameota nyumba. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta wakazi 238,858. Ile ya mwaka 2019 ikakuta 490,120. Watu wametoka kila pembe ya nchi, na sisi wa pwani tumo: wenye maduka, walimu, madereva, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta kilichoko Kahawa, hapo jirani. Mpwa wangu ni mmoja wa wanafunzi hao, na ndiye aliyenitia katika shughuli hii.

Vitabu alivyonionyesha ni vya namna ya pekee. Ni riwaya za ajabu na za kutisha, zenye majini, wachawi, wafu watembeao na watu wageukao wanyama. Na ndani yake mapenzi ya watu wa jinsia moja ndiyo uti wa mgongo wa kisa. Najua kwamba msomaji wangu wa Lamu, wa Malindi, wa Mombasa na wa Vanga ameshakunja uso. Kukunja uso si kosa. Namwomba tu asilikunje gazeti. Sikuja kufutu. Fatwa zina wenyewe, na hukumu ya sharia katika jambo hili yajulikana na kila aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu, nami nilikaa. Nimekuja na swali jingine: kitabu cha kutisha hutufanya nini? Na tukikikimbia, hofu yenyewe huenda wapi?

VITABU VYENYEWE

Kwanza tuondoe dhana kwamba jambo hili limezuka jana. Mwaka 1872, miaka 25 kabla ya Bram Stoker kutoa kitabu chake mashuhuri cha Dracula, mwandishi mwingine wa Ireland, Joseph Sheridan Le Fanu, alitoa hadithi iitwayo Carmilla. Ni kisa cha msichana aitwaye Laura, akaaye na baba yake katika ngome ya upweke. Gari la farasi lapinduka karibu na ngome, na ndani yake yumo msichana mzuri ambaye apewa hifadhi ya ugeni. Mgeni huyo ampenda Laura kwa mapenzi yasiyokuwa ya udugu. Laura naye avutwa na huku achukizwa, hajui ni lipi kati ya mawili. Mwishowe yabainika kwamba mgeni ni maiti anywaye damu ya walio hai. Kaburi lake lafukuliwa, auawa mara ya pili, na msomaji apumua.

Hivyo ndivyo zilivyokuwa hadithi za namna hiyo kwa miaka mingi. Aliyekuwa tofauti ndiye zimwi, na zimwi hufa katika ukurasa wa mwisho. Katika vitabu vipya kiti kimegeuzwa. Aliyeitwa zimwi ndiye asimuliaye, na msomaji ndiye atakiwaye kukaa kimya asikize.

Mpwa wangu alianza kwa kunipa kitabu kinene cha Marlon James, Mjamaika aliyepata Tuzo ya Booker mwaka 2015. Kitabu hicho, "Black Leopard, Red Wolf", kilitoka mwaka 2019. Kimejengwa juu ya Afrika ya kale ya kubuni: misitu yenye mazimwi, wafalme wenye siri, na mwanamume mwenye pua kali kuliko mbwa, atafutaye mtoto aliyepotea. Rafiki yake ni chui ageukaye mtu, ama mtu ageukaye chui. Mwanamume huyo apenda wanaume, na kitabu hakikufichi jambo hilo wala hakikuombi radhi.

Nimekisoma hadi mwisho, na kama mhakiki nasema nililoliona. Ufundi umo, tena mwingi. Lakini damu ni nyingi mno, matusi ni mengi mno, na kuna mahala mwandishi amependa kutapisha kuliko kutisha. Ni kitabu cha mtu mzima mwenye moyo mzito. Singempa kijana wa miaka 15, na sababu yangu isingekuwa mapenzi yaliyomo, bali ukatili uliomo.

MAAJABU YETU WENYEWE

Je, sisi tuliolelewa kwa Alfu Lela Ulela tuna haki ya kujifanya wageni wa mambo haya? Nani katika sisi hakulala akisikia bibi akisimulia binti wa jini, mwanamume aliyegeuzwa jiwe nusu ya mwili, au ndege abebaye tembo? Kiswahili kina jini, pepo, zimwi, mzuka, kizuu, kibwengo na shetani, na kila kimoja kina tabia yake na makao yake. Lugha isiyojua hofu haihitaji majina yote hayo.

Na Abunuwasi je? Huyu ni kipenzi chetu. Twamjua kwa werevu na mizaha yake na wafalme. Lakini nyuma ya Abunuwasi wa hadithi alikuwako Abu Nuwas wa kweli, mshairi mkubwa wa zama za Harun Rashid, aliyefariki Baghdad yapata mwaka 815. Diwani yake ina tungo za ulevi na tungo za mapenzi, na nyingi katika hizo za mapenzi zawaelekea vijana wa kiume. Wajuzi wa fasihi ya Kiarabu wazijua vizuri. Katika karne ya 10 Abu Bakr as-Suli alizikusanya tungo zake na kuzipanga. Hakuwa akihalalisha ulevi wala jingine. Alikuwa akihifadhi lugha na kuacha ushahidi wa zama. Watu hao waliweza kusoma jambo bila kulifuata. Sijui kwa nini sisi tujione dhaifu kuliko wao.

Hata hapa bara nilipo, maajabu ya namna hii yako. Mjini Thika, mwendo mfupi kutoka kwangu, palikuwa na mti wa mugumo ambao Wakikuyu wausimulia hadi leo. Yasemwa kwamba mtabiri Mugo wa Kibiru alibashiri kuwa siku mti ule utakapoanguka, utawala wa Mwingereza nao utaanguka. Waingereza wakauzungushia chuma ili usimame. Mwaka 1963 ukapigwa na radi, ukaanguka, na mwaka huo huo bendera ikabadilishwa.

Lakini mugumo una kisa kingine, ambacho kila mtoto wa huku amekisikia: kwamba mtu akiuzunguka mara saba hugeuka, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Nilimuuliza jirani yangu, mzee wa Kikikuyu ambaye mtaa mzima twamwita Guka, yaani babu.

"Guka, ushapata kumwona aliyezunguka mara saba?"

"Sijamwona," akajibu. "Na mimi mwenyewe hata sita sikufika."

Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Tazama basi: kisa cha mtu kugeuka jinsia kimekaa vinywani mwa wazee na watoto wa Thika na Ruiru miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyedhuriwa nacho, kwa sababu kila mtu ajua kwamba ni kisa. Kina mahala pake, nao ni wakati wa kuota moto. Hapo ndipo ninapotaka kuja.

ZIMWI LISILO NA MWANDISHI

Sasa tutoke kwenye moto wa Guka tushuke pwani, kwa kuwa huko liko zimwi jingine ambalo halikuwa na mahala pake, likaenda kila mahala.

Mwaka 1995, katika mwezi wa Ramadhani, Pemba ilishikwa na hofu ya Popobawa. Jina lenyewe lajieleza: popo mwenye mbawa kubwa. Ilisemekana kwamba huingia nyumbani usiku, humkandamiza mtu kitandani asiweze kuinuka wala kupiga kelele, kisha humvunjia heshima yake, awe mwanamke au mwanamume. Kubwa zaidi lilikuwa sharti lake: aliyefikwa lazima atangaze kwa watu, na asipotangaza zimwi litamrudia. Basi wanaume wazima, wenye ndevu na wajukuu, wakasimama hadharani wakasema mambo ambayo mwanamume wa pwani hayasemi hata mbele ya tabibu. Hofu ikavuka hadi Unguja, ikavuka tena hadi Dar es Salaam. Familia zikalala nje, makundi makundi, moto umewashwa, mmoja akikesha.

Nilikuwa kijana Mombasa wakati huo, na habari zilitufikia kwa wasafiri. Tulicheka mchana, usiku tulifunga madirisha.

Lakini mwisho wake haukuwa wa kuchekwa. Mjini Zanzibar umati ulimkamata mtu mgeni, mgonjwa wa akili, ukamdhania kuwa ndiye Popobawa, ukamwua. Popo hakupatikana, wala bawa. Aliyepatikana alikuwa binadamu asiyeweza kujieleza.

Lingine liko karibu zaidi na wasomaji wangu wa Kenya. Februari mwaka 2010, mjini Mtwapa, ulienea uvumi kwamba wanaume wawili watafunga harusi. Nani aliisikia mbiu yake? Nani alialikwa? Hakuna aliyejua, lakini kila mtu alikuwa ameambiwa na mtu. Siku ya Ijumaa umati ukakusanyika, ukaiendea zahanati ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, iliyokuwa ikihudumia watu kwa ugonjwa wa ukimwi, na watu wakapigwa. Wengine walitolewa majumbani mwao, wakaishia mikononi mwa polisi. Harusi yenyewe haikuonekana.

Naam, msomaji mpendwa, hebu tuyaweke mambo haya mawili kando kwa kando. Kitabu cha kutisha kina mwandishi. Jina lake liko juu ya jalada, waweza kumkosoa, waweza kumjibu gazetini kama ninavyofanya hapa, waweza kukifunga ukalala. Kina mwanzo na mwisho, na aliyemo ndani hafi kwa mawe ya kweli. Uvumi nao pia ni hadithi ya kutisha, ila hauna mwandishi, hauna jalada, na mwisho wake huandikwa juu ya mwili wa mtu. Sisi twakiogopa kitabu, na uvumi twaupokea kwa mikono miwili na kuupitisha kwa jirani. Ilhali Sura ya Hujurat yatufunza kuihakikisha habari kabla ya kuitendea kazi. Nilipokuwa nikiyafikiri haya ulinijia ubeti huu:

Uvumi hauna mwenye, hauulizwi shahidi,
Hupita kwenye penyenye, ukizidi na kuzidi,
Wa kuonya asionye, na wa kurudi harudi,
Hadi damu imwagike, ndipo kweli ikabidi.

KITABU CHA NYOKABI

Baada ya kile kinene, mpwa wangu alinipa kitabu chembamba. Mwandishi wake ni Mkenya, Shingai Njeri Kagunda. Hadithi ilitoka kwanza mwaka 2020 katika jarida la Marekani la Fantasy, na mwaka uliofuata ikawa kitabu kamili, "& This Is How to Stay Alive", kilichochapishwa na Neon Hemlock, shirika dogo la huko Marekani ambalo limejitolea hasa kwa hadithi za namna hii.

"Mjomba, hiki hukiwezi," akaniambia.

"Kwa nini nisikiweze? Mimi nimekulia na visa vya majini."

"Hiki hakitishi kwa majini. Chatisha kwa nyumba."

Alisema kweli. Nyokabi ni msichana ambaye ndugu yake, Baraka, amejitoa uhai. Baraka alikuwa kijana asiyefanana na vile mwanamume atarajiwavyo kufanana, na tofauti hiyo ilimlemea. Katika msiba, shangazi mmoja mwenye vituko ampa Nyokabi dawa ya kunywa, nayo dawa yarudisha wakati nyuma. Nyokabi apata kumwona tena ndugu yake akiwa hai, ajua lijalo, na atafuta jambo la kufanya ili siku ile isifike. Sitasema afaulu ama asifaulu. Msomaji atajionea mwenyewe.

Katika kitabu hiki hakuna jino refu wala jeneza lifunguliwalo usiku. Kitishacho ni mambo ya kila siku: neno lililosemwa mezani, mlango uliofungwa, mzazi aliyenyamaza alipotakiwa kusema na aliyesema alipotakiwa kunyamaza. Dawa ya shangazi ni ya hadithi, lakini swali lake si la hadithi. Nani katika sisi hakuzika mtu akatamani saa irudi nyuma walau siku tatu? Na katika miji yetu ya pwani, ni vijana wangapi wamehama usiku na mkoba mmoja, wakaenda Nairobi au ng'ambo, na nyumbani jina lao halitajwi? Twasema "amesafiri". Jirani naye asema "amesafiri". Miaka yapita, mama azeeka akiangalia simu.

Nilipomrudishia kitabu, mpwa wangu alikuwa akimenya viazi. Hakuniangalia. Akauliza, "Mjomba, lau Baraka angalikuwa mwanao?"

"Hukumu naijua, mwanangu," nikamwambia, "na wewe waijua."

"Sikukuuliza hukumu, mjomba. Nimekuuliza mlango."

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia kwamba mlango ningaliufungua. Maneno yangalifuata, na mengine yangalikuwa makali, kwa sababu mimi ni mtu wa imani yangu na sikuizua leo. Lakini ningaliufungua kwanza, na kijana angalikula, na angalilala. Mtu aliye hai waweza kusema naye kesho. Akanyamaza, akaendelea na viazi vyake. Sikujua kama jibu langu lilimtosha, na sikumuuliza.

Hilo ndilo kitabu kilichonifanyia. Hakikunibadilisha dini wala hakikuniomba. Kilinilazimisha kujibu mlango kabla haujabishwa.

TUKINYAMAZA HUANDIKA NANI?

Yako malalamiko yangu mengine, na haya nawaelekezea waandishi wenzangu. Vitabu vyote nilivyovitaja hapa, vijana wetu wavisoma kwa Kiingereza. Hata kile cha binti wa Mombasa, Khadija Abdalla Bajaber, "The House of Rust", kilichotoka mwaka 2021 na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya kwanza kabisa ya Ursula K. Le Guin, ni cha Kiingereza. Hicho hakihusiani na mapenzi ya namna tuliyoizungumza. Ni kisa cha binti Aisha aendaye baharini kumtafuta baba yake mvuvi, akiwa na paka asemaye. Lakini ni maajabu yetu, ya bahari yetu na ya Waislamu wa mji wetu, na bibi yangu angalikipenda mno lau angalisomewa kwa lugha yake.

Simaanishi kwamba Kiswahili kimekufa katika uwanja huu. Muhammed Said Abdulla alitupa "Kisima cha Giningi" mwaka 1968, na Giningi ni makao ya wachawi. Euphrase Kezilahabi alitupa "Nagona" mwaka 1990, na Said Ahmed Mohamed akamfufua babu kutoka kaburini katika "Babu Alipofufuka", mwaka 2001. Ufundi tunao. Kinachotupungukia ni moyo wa kuigusa hofu iliyo hai leo, hofu ya mtoto wetu wenyewe aliyekuwa tofauti, tukaiandika kwa adabu na kwa ukweli, bila matusi na bila kuficha.

Tazama hata neno moja. Kwa wanawake wa pwani shoga ni rafiki wa moyoni, mwenye kutunza siri na kushika chungu siku ya arusi. Neno hilo hilo, likitamkwa kwa sauti nyingine barabarani, laweza kumwitia mtu mawe. Lugha iliyobeba mapenzi na maangamizi katika herufi tano inadai waandishi wanaoijua, na waandishi wakijitenga nafasi haibaki tupu. Huingia uvumi ukaandika badala yao.

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, ukimkuta mwanao na riwaya ya mazimwi, usimnyang'anye kabla hujaisoma. Isome wewe, hata kama ni kurasa 50. Ikiwa ni chafu, mwambie ni chafu na umwonyeshe mahala. Ikiwa ina jambo, zungumzeni. Naye atakuambia mengine ambayo hukuyatafuta kitabuni. Na siku utakayosikia mtaani kwamba fulani si mtu, ni zimwi, muulize akuambiaye: habari hii mwenyewe ni nani?